Tiba ya kikundi mtandaoni kwa wanaopona kiwewe changamano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa tena na tena na watu wanaotaka kujiunga na vikundi vyetu vya Kiswahili, na mengine na walio ndani tayari. Wanaouliza wako Mombasa, Mwanza, Bukavu, Muscat, Columbus. Kama uko hatarini sasa hivi, au unafikiria kujitoa uhai, usianze kusoma. Nenda kwanza swali la 19, namba za kupiga ziko hapo.

## Mambo ya msingi

1. Kiwewe changamano ni nini?

Ni madhara yanayobaki kwa mtu aliyeumizwa kwa muda mrefu, tena na tena, mahali ambapo hakuwa na njia rahisi ya kutoka: utoto wa vipigo au wa kuingiliwa kimwili, ndoa ya mateso, kazi za ndani zilizogeuka kuwa utumwa, kifungo, miaka ya vita na kukimbia. Mwaka 1992 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Judith Herman, alieleza kwamba watu hawa hubeba zaidi ya yale anayobeba mtu aliyepata ajali moja. Ilichukua miaka mingi kukubalika. Shirika la Afya Duniani liliitenga hali hii kuwa utambuzi unaojitegemea katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, chini ya namba 6B41.

Dalili zake zina tabaka mbili. La kwanza ni la kiwewe chochote: tukio kurudi kana kwamba linatokea sasa, kukwepa kila kinacholikumbusha, na mwili kukaa macho wakati wote kama vile hatari iko mlangoni. La pili ndilo linaloitofautisha hali hii: hisia zisizotulia, iwe hasira inayolipuka au ganzi, kujiona huna thamani, kwa aibu na hatia nzito, na ugumu wa kukaa karibu na watu. Tabaka hili la pili ndilo linalofanya kikundi kiwe na maana (swali la 4).

2. Mimi sijapita vitani wala sijabakwa. Je, yangu yanahesabika?

Swali hili huulizwa zaidi na waliolelewa katika nyumba zilizosifiwa mtaani. Baba mwalimu, mama mcha Mungu, watoto wote wamesoma. Na ndani mtoto alitukanwa kila siku, alifungiwa, aliambiwa heri angekufa yeye. Kupuuzwa na kudhalilishwa kwa miaka kunaweza kuacha alama zile zile. Kinachoangaliwa ni jinsi unavyoishi leo, na mtaalamu hulipima hilo katika mazungumzo ya awali. Kikundini pia hakuna mashindano ya nani aliteseka zaidi, na mwezeshaji mzuri, yaani mtaalamu anayeongoza kikundi, huyakata mara tu yanapochungulia.

3. Kuna tofauti gani na kundi la WhatsApp la kutiana moyo?

Kundi la kutiana moyo lina thamani yake, na nimeona likiwavusha watu usiku mgumu. Lakini tiba ya kikundi ina mambo ambayo kundi lile halina: mtaalamu mmoja au wawili wanaowajibika, wanachama waliohojiwa mmoja mmoja kabla ya kuingia, idadi ndogo (kwa kawaida 6 hadi 10), siku na saa ile ile kila wiki, mpango unaofuatwa, na masharti ambayo kila mmoja ameyakubali. Vikundi vya kiwewe changamano vingi hufungwa: mkianza wanane, mnaendelea hao wanane, hakuna mgeni anayeingia katikati. Mtu ambaye utoto wake ulijaa watu wanaoingia bila hodi hulisikia hilo mwilini kabla hata ya kulielewa.

4. Watu ndio walioniumiza. Kwa nini nikae na watu tena?

Kwa sababu jeraha hili liliingia kupitia uhusiano, na sehemu yake kubwa haiponi ukiwa peke yako, hata usome kiasi gani. Aliyekua kwa hofu hujifunza sheria bila kufundishwa: ukisema una shida utaadhibiwa, ukikosea utaachwa, anayekutazama sana ana lake. Unaweza kuelewa kabisa kwamba sheria hizo zimepitwa na wakati, na bado mwili ukazitii. Kinachozilegeza ni kuzivunja kidogo kidogo mbele ya watu halisi, ukaona lile uliloliogopa halitokei. Unasema "leo sitaki kuongea" na hakuna anayenuna. Unamwambia mwenzako kwamba neno lake limekuuma, naye anaomba radhi. Unakosa kikao kimoja, na wiki inayofuata nafasi yako bado ipo.

Halafu kuna aibu, ambayo hustawi mtu akiamini ni yeye pekee duniani. Anayeficha chakula chini ya kitanda ilhali ana mshahara, akimsikia mwenzake akitaja jambo lile lile, huacha kujiita mwendawazimu. Mtaalamu anaweza kukwambia mara mia kwamba hauko peke yako. Kumsikia mtu aliyeko mji mwingine akiieleza siku yako, kwa lugha yako, kuna nguvu ambayo mtaalamu hana.

Sisemi kikundi kinamtosha kila mtu. Wengi huenda vizuri zaidi wakiwa pia na mtaalamu wao wa peke yao.

5. Kuna ushahidi kwamba inasaidia, au ni maneno tu?

Ushahidi upo, na sehemu nzuri yake imetoka huku kwetu. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanawake wa mashariki mwa Kongo walionusurika ukatili wa kingono. Vijiji vingine vilipata tiba ya kikundi inayochambua fikra zilizobaki baada ya tukio, vingine vikapata msaada wa mtu mmoja mmoja. Pande zote mbili zilipata nafuu, lakini waliokuwa vikundini walipata nafuu kubwa zaidi, na miezi sita baadaye ilikuwa bado ipo. Walioviendesha vikundi hivyo walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wa maeneo yale yale, waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu.

Rwanda, kuanzia Byumba mwaka 2005, vikundi vya Mvura Nkuvure (Kinyarwanda: "niponye nikuponye") vya watu 10 hadi 15 vimekuwa vikikutana kwa wiki 15. Hupitia usalama, kuaminiana, kujaliana, heshima, mwelekeo mpya wa maisha, na kumbukumbu. Tazama kumbukumbu zilipowekwa: mwishoni. Huo ndio mpangilio ambao sisi pia tunaufuata (swali la 12).

Vyote hivyo vilikuwa vya ana kwa ana. Kwa upande wa video, utafiti wa maveterani (wanajeshi wa zamani) wa Marekani huko Hawaii, uliochapishwa 2014, ulionyesha kwamba tiba ya kikundi kwa njia ya video haikuachwa nyuma na ya uso kwa uso. Lakini maveterani wale walikaa pamoja katika chumba cha kliniki, na aliyekuwa mbali ni mtaalamu tu. Kila mtu akiwa chumbani kwake ni jambo jingine, lenye faida zake na hatari zake. Ndiyo maana maswali mengi hapa chini yanahusu usalama.

6. Mtandaoni kuna faida gani?

Mtu wa Minnesota au Muscat anaweza asipate mtaalamu wa Kiswahili mji mzima. Aliyeko mji mdogo hapa nyumbani ana shida ya kinyume: mtaalamu yupo, ila ni shemeji wa jirani. Wapo pia ambao kupanda daladala iliyojaa kwenyewe kunawarudisha nyuma, wafike kikaoni wakiwa wamekwisha.

Hasara ni kwamba mwezeshaji haoni miguu inayotetemeka chini ya meza, mtandao unakatika wakati mbaya, na kikao kikiisha hakuna njia ya kutembea ukitulia. Unafunga simu, na papo hapo mtoto anauliza chakula. Tenga dakika ishirini za kukaa peke yako baada ya kila kikao. Hili nalisisitiza kuliko ushauri mwingine wowote wa ukurasa huu, kwa sababu ndilo linalopuuzwa zaidi.

## Kabla ya kujiunga

7. Kwa nini mnauliza mahali nilipo na namba ya ndugu?

Ukizimia au ukitoweka kwenye skrini katikati ya hali mbaya, mwezeshaji aliye Nairobi hawezi kugonga mlango wako Tabora. Kwa hiyo mwanzo wa kila kikao unamwandikia yeye peke yake uko wapi, na tangu mwanzo anakuwa na namba ya mtu mmoja anayeweza kukufikia. Si lazima awe ndugu. Kwa wengi wetu ndugu ndio tatizo lenyewe, basi rafiki au jirani anafaa. Wala haihitaji aambiwe kisa chako. Inatosha ajue kwamba anaweza kupigiwa.

8. Nani hashauriwi kujiunga kwa sasa?

Aliye na mpango wa kujiua siku hizi, anayekunywa au kutumia dawa za kulevya kiasi cha kushindwa kukaa kikao kizima akiwa timamu, anayesikia sauti au kuona vitu na bado hajapata matibabu, na anayeishi hatarini bila saa moja ya faragha (swali la 16). Hawa wanahitaji msaada wa karibu zaidi kwanza, na kikundi kinaweza kufuata baadaye. Ukiambiwa "subiri", muulize aliyekuhoji akuelekeze pa kwenda wakati huo. Kuachwa hewani hakukubaliki.

9. Nitamjuaje mtaalamu wa kweli?

Uliza amesomea nini, amesajiliwa wapi, na nani anamsimamia. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo suala la usajili si la kuonea haya kuuliza. Marekani leseni hutolewa na jimbo, na anayeruhusiwa kutibu wakazi wa Minnesota huenda haruhusiwi kumtibu aliye Texas. Mwambie ulipo kweli.

Mkimbie anayeahidi utapona wikiendi moja, anayetaka umwage kila kitu siku ya kwanza, anayeomba ushuhuda wako kwa video ili avutie wengine, anayekuamuru uache dawa za hospitali, au anayeanza kukutumia ujumbe wa faragha usiku. Hilo la mwisho halina maelezo mazuri. Mtu aliyeumizwa utotoni mara nyingi hufundishwa kupuuza kengele inayolia tumboni, hapa isikilize.

10. Ninatumia dawa. Niache?

Usiache. Endelea kama daktari alivyokuandikia na umjulishe mwezeshaji. Maamuzi ya dawa ni yako na daktari wako, kikundi hakina kauli hapo.

11. Gharama ikoje?

Hutofautiana sana. Kikundi huwa nafuu kuliko vikao vya peke yako kwa sababu muda wa mtaalamu mnagawana, na wengi hupanga ada kwa uwezo wa mtu, kwa hiyo sema ukweli wa mfuko wako mapema. Wakimbizi waulizie mashirika yanayowahudumia kabla ya kulipa popote. Center for Victims of Torture, kwa mfano, limetoa ushauri nasaha wa vikundi kwa wakimbizi Nairobi na Dadaab.

## Ndani ya kikao

12. Nitalazimishwa kusimulia yaliyonipata?

Hapana, na katika awamu ya kwanza hutaruhusiwa kuyasimulia kwa kina hata ukitaka. Wengi hushangaa. Wamekuja wakiwa wamejikaza kutoa siri ya miaka thelathini, halafu wanaambiwa wataje kichwa cha habari tu: "nilipigwa sana na baba wa kambo." Inatosha.

Sababu ni mbili. Simulizi yenye picha kamili huwaamsha wengine saba ambao kila mmoja yuko peke yake chumbani, na mwezeshaji hawezi kuwashika wote kwa wakati mmoja. Na wewe mwenyewe, usipokuwa bado na namna ya kutulia, kusimulia hukurudisha kule kule badala ya kukutoa. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi huanziwa na uji kabla ya wali. Kwa hiyo wiki za mwanzo ni za usalama: kulala, kuvitambua vichochezi (vitu vinavyoamsha kiwewe), kuzipa hisia majina, kukataa, kuomba. Kumbukumbu zenyewe hushughulikiwa baadaye, katika awamu ya pili au na mtaalamu wako wa peke yako. Ya tatu ni kurudi kwenye maisha: kazi, urafiki, ibada, mapenzi.

Kikao cha kawaida huchukua dakika 90. Kila mmoja husema kwa sentensi moja amefikaje, linafuata zoezi fupi la kutulia, kisha somo la siku, mazungumzo, na mwishoni zoezi jingine ili mtu asiondoke akiwa bado ametaharuki. Kukaa kimya kikao kizima kunaruhusiwa. Kulia pia, na hakuna atakayekuambia unyamaze.

13. Lazima niwashe kamera?

Tunaomba uiwashe mwanzoni ili wenzako waone ni wewe, na wakati wa mazoezi ili mwezeshaji aone kama umetulia. Baadaye unaweza kuizima ukitoa taarifa fupi. Waliopigwa picha au kurekodiwa wakati wa kudhulumiwa huona kamera yenyewe ni kichochezi. Mkilisema kwenye mahojiano ya awali, mpango mwingine hufanywa. Na kama kinachokusumbua ni kuuona uso wako mwenyewe, programu nyingi zinaruhusu kuuficha wewe usiuone huku wengine wakikuona. Jaribu hilo kwanza.

14. Tunaishi watu watano chumba kimoja, na bando ni la mawazo. Nifanyeje?

Hedifoni ni lazima, ili angalau sauti za wenzako zisisikike. Kwa sauti yako wewe, watu wamepata njia nyingi: ndani ya gari lililoegeshwa, chumba cha maombi kanisani siku isiyo ya ibada, stoo ya duka baada ya kufunga, kwa rafiki anayetoka saa hiyo. Wengine huandika majibu badala ya kuongea. Epuka mahali ambapo mtu anaweza kutokea ghafla nyuma yako. Hata kama hana ubaya, mwili wako hautatulia.

Kikao cha video kinaweza kula zaidi ya gigabaiti moja. Ukizima video baada ya salamu matumizi hushuka sana, na programu nyingi zina njia ya kujiunga kwa sauti tu. Kama bando ndilo linalokuzuia, mwambie mwezeshaji. Vikundi vingine hutenga fungu la bando.

15. Itakuwaje nikirudishwa nyuma kwenye tukio, au akili ikipotea nimekaa pale pale?

Hutokea, na wenzako wanalijua. Mnakubaliana ishara mapema: kuinua kiganja, au kumwandikia mwezeshaji neno moja. Vikundi vizuri vina wawezeshaji wawili kwa sababu hii hasa: mmoja anaendelea na kikundi, mwingine anakwenda nawe kwenye chumba cha pembeni au anakupigia simu. Atakuuliza uko wapi, leo ni siku gani, utaje vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kugusa. Weka karibu maji baridi, kitu chenye harufu kali kama limau au karafuu, na kanga au shuka la kujifunika. Fungua macho; kuyafumba huwazamisha wengi zaidi.

Ukikatika mtandaoni wakati huo, utapigiwa. Usipopokea, anapigiwa yule mtu wako wa swali la 7.

## Siri na usalama

16. Anayenidhuru bado ninaishi naye. Naweza kujiunga?

Pengine, kwa tahadhari kubwa. Mwambie mwezeshaji kwenye mahojiano, ukiwa nje ya nyumba. Mtachagua neno la kawaida kabisa ambalo ukilisema, tuseme "mgeni amefika", kikundi kinahamia mara moja kwenye mazungumzo ya mapishi au unaondolewa kikaoni bila swali. Hifadhi namba yetu kwa jina lisiloshukiwa, zima arifa zinazojitokeza kwenye skrini, futa linki baada ya kikao. Kama yeye hushika simu yako au anaifuatilia, usiitumie. Tafuta simu nyingine.

Kuna wakati jibu ni kwamba kikundi kisubiri. Mazoezi ya kulegeza mwili na kushusha ulinzi hayamfai mtu ambaye ulinzi huo ndio unaomweka hai usiku wa leo. Mpango wa kutoka salama hutangulia.

17. Siri zangu zitabaki kikundini?

Mtaalamu anafungwa na maadili ya kazi yake na sheria; taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022. Wanachama wenzako wanafungwa na ahadi waliyoweka. Siwezi kukuhakikishia kwamba hakuna atakayevunja ahadi. Ninaweza kukuambia kinachopunguza hatari: jina la kwanza tu au la kubuni, kutorekodi kabisa, kutopiga picha ya skrini, hedifoni kwa wote, na mlango wa kikao kufungwa wote wakishaingia. Anayerekodi hutolewa siku hiyo hiyo.

Mtaalamu anaweza kulazimika kuvunja siri mtu akiwa karibu kujiua au kumdhuru mwingine, au mtoto akiwa hatarini. Unaelezwa haya kabla ya kuanza. Wengi Kenya walinyamaza kuhusu kujiua kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

18. Nimeingia nikamkuta mtu ninayemfahamu.

Kwa Waswahili walio ughaibuni hili si ajabu, jamii ni ndogo. Mwandikie mwezeshaji papo hapo na utoke kama huna amani, utapigiwa. Kwa kawaida huyo aliyeshtuka zaidi hupewa nafasi ya kuchagua kubaki au kuhamia kikundi kingine. Ndugu, wapenzi, na mwajiri na mwajiriwa wake hawakai kikundi kimoja, hata wakikubaliana.

19. Nipige namba gani nikizidiwa nje ya kikao?

Kikundi si huduma ya dharura. Kenya: 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa msaada wa kisaikolojia, 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Watoto na yeyote mwenye wasiwasi juu ya mtoto: 116, kwa Kenya, Tanzania na Uganda. Marekani na Kanada: 988. Uingereza: 116 123. Kwingineko, nenda hospitali iliyo karibu ukiwa na mtu. Sema wazi "ninafikiria kujiua". Ukizunguka sana utapewa dawa ya kichwa.

## Dini, ukoo na heshima

20. Nyumbani wanasema ni majini, au ni imani haba. Nitaambiwa niache dini?

Hakuna anayeruhusiwa kukuambia hivyo. Wengi wetu sala ndiyo iliyotuvusha, na mtu anaweza kwenda kwa sheikh wake au mchungaji wake na kikundini pia. Tunachokataa ni maombezi au ruqya (kisomo cha Kiislamu cha kutibu) ndani ya kikao, kwa sababu wenzako wana imani tofauti na baadhi yao waliumizwa na watu wa dini, mahali pa ibada penyewe. Tunakataa pia matibabu yoyote ya kufungwa kamba, kupigwa au kunyimwa chakula, yaitwe kwa jina gani. Kama hayo yamekupata, yanahesabika kati ya yaliyokuumiza.

Kuhusu kusamehe: kikundi hakitakudai umsamehe mtu. Ukifika huko kwa njia yako, ni yako.

21. Kikundini kuna mama wa umri wa mama yangu. Nitamwambiaje kwamba amenikera?

Kwa heshima yote, na bado umwambie. Unaweza kumwita mama, ukamwamkia shikamoo, kisha ukasema: "Mama, uliponikatiza jana niliumia." Mwezeshaji atasaidia. Kwa baadhi ya watu hii ndiyo mara ya kwanza kabisa kumpinga mkubwa bila kuadhibiwa. Wakubwa nao huombwa wasigeuke washauri wa ndoa za vijana. Wamekuja kupona, hawakuja kulea.

22. Wanaume na wanawake huchanganywa?

Inategemea. Walioumizwa kingono mara nyingi huanza na kikundi cha jinsia yao. Wanaume hawajitokezi kwa wingi, na walioumizwa utotoni hukaa na siri hiyo muda mrefu kupita kiasi. Kaka, ukisoma hapa: nafasi yako ipo, na hutakuwa wa kwanza.

23. Ndugu wananiambia "yaliyopita si ndwele". Niwajibu nini?

Methali yenyewe inaendelea: "tugange yajayo." Mtu ambaye halali usiku, anayewafokea wanawe kisha akalia, anauguza ya leo na ya kesho. Lakini huna deni la maelezo. "Ninapata matibabu, naendelea vizuri" inatosha.

## Hali zisizo za kawaida

24. Baada ya vikao vitatu najisikia vibaya zaidi. Niache?

Kuyumba mwanzoni ni kawaida: ganzi ikipungua, maumivu yaliyokuwa chini yake husikika. Tofautisha. Ukichoka siku moja au mbili kisha ukatulia, endelea. Ukishindwa kulala wiki nzima, ukianza tena kujikata au kunywa, ukiona saa zinapotea hujui ulikuwa wapi, mpigie mwezeshaji kabla ya kikao kijacho. Pengine kasi ipunguzwe au upewe vikao vya peke yako. Mwezeshaji anayejibu "vumilia tu" hajakusikia. Mwombe akuunganishe na anayemsimamia.

25. Niko Ghuba, ninafanya kazi za ndani. Inawezekana?

Wapo wanaofanya hivyo. Oman na Falme za Kiarabu zimezuia simu za WhatsApp kwa miaka mingi, kwa hiyo jaribuni programu itakayotumika siku kadhaa kabla. Kikao kiwe saa uliyoruhusiwa kupumzika. Kama pasipoti yako imeshikwa au hulipwi, hilo linahitaji ubalozi wa nchi yako na wanasheria pamoja na tiba. Kikundi peke yake hakitoshi. Swali la 16 linakuhusu pia.

26. Mwenzetu ameniandikia usiku wa manane kwamba anataka kufa. Nifanye nini?

Mjibu kwamba umeusoma ujumbe wake na humwachi peke yake gizani. Muulize moja kwa moja kama yuko salama na kama kuna mtu naye. Mpe namba ya nchi aliko (swali la 19), kisha mjulishe mwezeshaji saa hiyo hiyo, hata akikuomba usiseme. Usiahidi kutunza siri hiyo. Hukusomea kazi hii, na kukesha naye peke yako hadi alfajiri kunaweza kukuangusha wewe pia. Ndiyo sababu vikundi vingi huomba wanachama wasiwasiliane kwa faragha hadi mzunguko wa vikao uishe.

27. Nataka kuondoka kabla ya mwisho. Au mzunguko umeisha na sitaki kuachana na wenzangu.

Ukitaka kuondoka, njoo kikao kimoja cha kuaga. Waliopona kiwewe changamano wengi waliachwa bila neno, na kutoweka kwako kutawagusa. Huhitaji kutoa sababu. Dakika tano za kuaga zinatosha. Kama huwezi hata hilo, tuma ujumbe mwezeshaji ausome.

Mzunguko ukiisha, mnaweza kuendelea kama marafiki mkikubaliana wote, mkijua hapo hakuna tena mtaalamu. Wengine hupumzika miezi michache kisha huingia awamu ya pili. Tunashauri mwezeshaji akupigie mwezi mmoja baada ya kikao cha mwisho, kwa sababu wiki za baada ya kuagana huwa nzito kuliko watu wanavyotarajia. Ukiona simu hiyo haiji, piga wewe.